Golden Globe: Tuzo zilizotikiswa na wapigakura wake

Kila mapema mwezi wa Januari, macho ya wapenzi wa filamu na vipindi vya runinga kote duniani huelekezwa katika hoteli ya Beverly Hilton, mjini Beverly Hills, jimbo la California nchini Marekani. Hapo ndipo hufanyika hafla ya kila mwaka ya kutoa tuzo za Golden Globe.

Nyota wa filamu hupita juu ya zulia jekundu wakiwa wamejipamba, huketi kwenye meza za karamu wakila na kunywa, kisha mmoja baada ya mwingine huitwa jukwaani kupokea sanamu ndogo ya rangi ya dhahabu yenye umbo la tufe la dunia.

Wengi wa wanaoifuatilia hafla hiyo hutaka kujua jambo moja tu: nani ameshinda? Ni wachache wanaouliza swali la pili, ambalo pengine lina uzito zaidi: ni akina nani waliopiga kura?

Swali hilo la pili ndilo lililokaribia kuziangamiza tuzo hizo mnamo 2021 na 2022. Lilifanya kituo kikubwa cha runinga kukataa kupeperusha hafla hiyo, likamsukuma mwigizaji Tom Cruise kurudisha sanamu zake tatu, na hatimaye likachangia kuvunjwa kwa chama kilichokuwa kimezisimamia tuzo hizo kwa takriban miaka 80.

Chimbuko la tuzo

Tuzo za Golden Globe zilizaliwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mnamo 1943, wanahabari walioishi Los Angeles na kuandikia magazeti ya nchi za nje waliungana ili wawe na sauti moja mbele ya kampuni za filamu za Hollywood.

Mwandishi mmoja wa gazeti la ng'ambo hakuwa na nguvu za kumfikia nyota mkubwa kwa mahojiano. Walipokuwa kundi, waliweza kubisha mlango na kufunguliwa. Umoja ni nguvu, wahenga walinena.

Januari 1944 wakatoa tuzo zao za kwanza. Filamu ya The Song of Bernadette iliibuka bora, naye mwigizaji wake mkuu, Jennifer Jones, akatawazwa mwigizaji bora wa kike. Washindi wa mwaka huo walipewa hati tu. Sanamu ya dunia iliyozungukwa na utepe wa filamu ilibuniwa baadaye.

Chama hicho kilikuja kujulikana kama Hollywood Foreign Press Association (HFPA), yaani chama cha wanahabari wa kigeni wa Hollywood. Mapema katika miaka ya 1950 kilianza kuzigawa filamu katika makundi mawili: zile za drama kwa upande mmoja, na zile za vichekesho au muziki kwa upande wa pili. Mnamo 1956, vipindi vya runinga navyo vikaanza kutuzwa.

Tofauti na Oscar

Aghalabu watu huzichanganya tuzo hizi na zile za Oscar, ilhali zinatofautiana kwa mambo mengi.

Kwanza, Oscar hutuza filamu pekee, nazo Emmy hutuza kazi za runinga. Golden Globe hutuza zote mbili usiku mmoja, hivyo nyota wa sinema na wale wa vipindi vya runinga hujumuika ukumbini.

Pili, kwa sababu drama hutenganishwa na vichekesho, tuzo za filamu bora huwa mbili, na waigizaji wakuu wanaotuzwa kwa filamu huwa wanne badala ya wawili. Nafasi za ushindi huongezeka, na filamu ya kuchekesha haiachwi nyuma kwa sababu tu haikuwaliza watazamaji.

Tatu, Golden Globe hazina vitengo vya filamu fupi wala vya kazi nyingi za kiufundi. Watu Wote, filamu fupi iliyosimulia jinsi abiria Waislamu walivyowakinga wenzao Wakristo basi lao liliposhambuliwa na magaidi karibu na Mandera, iliteuliwa kuwania Oscar mnamo 2018. Katika Golden Globe, filamu kama hiyo haina mlango wa kuingilia.

Tofauti ya nne, na iliyo kubwa zaidi, ni wapigakura. Oscar hupigiwa kura na watu wa taaluma ya filamu wenyewe: waigizaji, waelekezi, waandishi wa miswada, wapigapicha na wengineo, ambao idadi yao ni maelfu. Golden Globe hupigiwa kura na wanahabari. Na kwa miongo mingi, wanahabari hao hawakufika hata 100.

Mfano wa Lupita

Kwa Wakenya, tofauti hiyo ilijidhihirisha mwanzoni mwa 2014. Lupita Nyong'o, binti wa mwanasiasa Profesa Peter Anyang' Nyong'o, aliteuliwa kuwania Golden Globe ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa jinsi alivyoigiza kama Patsey, mtumwa katika filamu ya 12 Years a Slave.

Filamu yenyewe ilishinda kitengo cha drama bora. Hata hivyo, tuzo aliyokuwa akiwania Lupita ilimwendea Jennifer Lawrence wa filamu ya American Hustle.

Majuma machache baadaye, mnamo Machi 2, 2014, wawili hao walikutana tena kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Safari hii Lupita ndiye aliyeibuka mshindi, na shangwe zikasikika kutoka Hollywood hadi Kisumu.

Kazi ni ile ile, na majina yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni wapigakura. Kundi moja lilikuwa na watu takriban 90, na lingine takriban 6,000. Haimaanishi kwamba kundi dogo lilikosea, kwani ladha haina mizani. Lakini katika kundi la watu 90, kura chache tu zinaweza kuamua nani ainuke na nani abaki ameketi.

Kenya imewahi kuguswa na tuzo hizi hata kabla ya hapo. Filamu ya Out of Africa, iliyotokana na kumbukumbu za Karen Blixen kuhusu maisha yake karibu na milima ya Ngong, ilitawazwa drama bora mnamo 1986. Mnamo 2006, Rachel Weisz alituzwa kama mwigizaji msaidizi kwa filamu ya The Constant Gardener, ambayo sehemu zake zilipigwa picha katika mtaa wa Kibera na huko Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana.

Itabainika kwamba katika filamu zote mbili, mandhari yalikuwa ya Kenya lakini tuzo zilienda kwa wageni. Ndiyo sababu kuteuliwa kwa Lupita kulikuwa na uzito wa kipekee.

Kwa nini tuzo hizi husakwa

Msomaji huenda akajiuliza: iwapo wapigakura walikuwa wachache kiasi hicho, kwa nini kampuni kubwa za filamu ziliwabembeleza?

Jibu ni kalenda. Golden Globe hutolewa mwanzoni mwa mwaka, majuma kadhaa kabla ya Oscar. Filamu inayoshinda Januari huzungumziwa kote, na wapigakura wa Oscar ambao hawajaitazama hushawishika kuitafuta. Mabango yake huandikwa maneno ya ushindi, na watu hurudi kupanga foleni katika majumba ya sinema.

Aidha, hafla yenyewe ni biashara. Mkataba ambao chama cha HFPA kilitia saini na kituo cha NBC mnamo 2018 uliripotiwa kuwa wa thamani ya Dola 60 milioni za Marekani kwa mwaka.

Kwa hivyo, wanahabari wachache walijikuta wameshika ufunguo wa ghala kubwa. Na mwenye ufunguo hakosi marafiki.

Saa, safari na Las Vegas

Mkono mtupu haulambwi, na historia ya Golden Globe ina visa kadha wa kadha vinavyoonyesha hivyo.

Mnamo 1968, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano nchini Marekani ilisema kwamba umma ulikuwa ukipotoshwa kuhusu namna washindi walivyopatikana. NBC ikajiondoa, na hafla hiyo haikurudi katika kituo hicho hadi katikati ya miaka ya 1970.

Mnamo 1982 mambo yalizidi unga. Mwigizaji chipukizi Pia Zadora alitawazwa nyota mpya wa mwaka kwa filamu ya Butterfly, ambayo wahakiki wengi waliikejeli. Ilifahamika kwamba mumewe, bwanyenye Meshulam Riklis, alikuwa amewaalika wapigakura huko Las Vegas, alikokuwa na hoteli na kasino. Kituo cha CBS, kilichokuwa kikipeperusha hafla wakati huo, kiliamua kuachana nayo. Muda mfupi baadaye, kitengo hicho cha nyota mpya kikafutwa.

Mnamo 1999, wanachama wa HFPA walitumiwa saa za mkononi kama sehemu ya kampeni ya filamu ya The Muse, iliyomshirikisha Sharon Stone. Habari zilipovuja, chama kiliamuru saa hizo zirudishwe. Stone aliteuliwa kuwania tuzo, ingawa hakushinda.

Baada ya kila kisa, chama kiliomba radhi au kurekebisha kanuni zake, muda ukapita na watu wakasahau. Kufikia miaka ya 2000, tuzo za Golden Globe zilikuwa zimerejea NBC na zikawa miongoni mwa hafla za burudani zenye watazamaji wengi zaidi nchini Marekani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Dhoruba ya 2021

Mambo yalianza kwenda mrama mnamo Agosti 2020, mwanahabari mmoja kutoka Norway alipokishtaki chama hicho. Alidai kwamba kilikuwa kimejigeuza genge la wachache, na kwamba wanahabari waliohitimu walikuwa wakifungiwa nje ili waliomo wasipunguziwe marupurupu. Mahakama iliitupilia mbali kesi hiyo, lakini tayari ilikuwa imewaamsha waliolala.

Mnamo Februari 21, 2021, wiki moja kabla ya hafla, gazeti la Los Angeles Times lilichapisha matokeo ya uchunguzi wake. Lilifichua kwamba kati ya wanachama 87 wa HFPA, hapakuwa na hata mmoja mweusi.

Gazeti hilo vilevile lilifichua kwamba chama kiliwalipa wanachama wake karibu Dola 2 milioni katika mwaka wa matumizi ya fedha uliokamilika Juni 2020, kwa kazi za kamati na nyinginezo. Isitoshe, mnamo 2019 zaidi ya wanachama 30 walikuwa wamesafirishwa hadi Ufaransa na kulazwa katika hoteli ya kifahari, ili kutembelea mahali kipindi cha Emily in Paris kilipokuwa kikirekodiwa.

Kipindi hicho kilikuja kuteuliwa kuwania tuzo mbili. Kwa upande mwingine, I May Destroy You, kipindi cha Michaela Coel, Mwingereza aliyezaliwa na wazazi kutoka Ghana, hakikupata uteuzi hata mmoja, licha ya kusifiwa mno na wahakiki. Hata mwandishi mmoja wa Emily in Paris alijitokeza hadharani kusema kwamba Coel hakutendewa haki. Miezi michache baadaye, Coel alishinda tuzo ya Emmy kwa uandishi wa kipindi hicho.

Chama cha HFPA kilikanusha kwamba kura za wanachama wake hununuliwa kwa zawadi. Lakini kanusho halikuweza kujibu swali la wazi: inawezekanaje watu 87 kudai kwamba wanauwakilisha ulimwengu mzima, ilhali Afrika na kizazi chake hazikuwa na kiti mezani pao?

Hafla ya Februari 28, 2021 iliendelea katikati ya kelele hizo. Miongoni mwa washindi alikuwa Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake wanatoka Uganda, aliyetuzwa kwa filamu ya Judas and the Black Messiah. Ushindi wake ulistahili, lakini haukutosha kuizima moto nyumba iliyokuwa ikiteketea.

Nyota wagoma

Mnamo Mei 2021, Netflix, Amazon na WarnerMedia zilitangaza kwamba hazingeshirikiana na chama hicho hadi kifanye mageuzi ya kweli. NBC ikasema haingepeperusha hafla ya 2022. Tom Cruise naye akarudisha sanamu alizoshinda kwa filamu za Born on the Fourth of July, Jerry Maguire na Magnolia.

Basi, Januari 9, 2022, hafla iliyozoeleka kwa vigelegele ikafanyika bila kamera za runinga, bila zulia jekundu na bila nyota. Majina ya washindi yalitolewa kwenye mitandao ya kijamii. Baadhi yao hawakusema lolote kuhusu ushindi wao.

Si mara ya kwanza hafla hiyo kudorora. Mnamo Januari 2008, waandishi wa miswada ya filamu na runinga walipokuwa wamegoma, waigizaji walikataa kuvuka mstari wa wagomaji, na washindi wakatangazwa katika kikao cha wanahabari. Lakini mgomo wa 2008 ulihusu malipo ya waandishi kutoka kwa kampuni. Ule wa 2022 ulihusu tuzo zenyewe.

Hapo ndipo ukweli mmoja ulipodhihirika. Sanamu ilikuwa ile ile, na jina lilikuwa lile lile. Lakini pindi wenye sanaa walipoacha kuwaamini wapigakura, thamani yake iliyeyuka kama barafu juani.

Mwenye Chelsea aingia

Jina la mtu aliyekuja kuzinusuru tuzo hizo si geni kwa mashabiki wa soka nchini Kenya. Ni Todd Boehly, tajiri Mmarekani ambaye mnamo Mei 2022 aliongoza kundi lililoinunua klabu ya Chelsea ya Uingereza.

Boehly alikuwa ameteuliwa afisa mkuu wa muda wa HFPA mnamo Oktoba 2021. Wakati huo huo, chama kilikuwa kimewaingiza wanachama wapya 21, wakiwemo weusi sita, na kupiga marufuku zawadi. NBC ikakubali kuirejesha hafla mnamo Januari 2023.

Mnamo Juni 2023, kampuni ya Eldridge inayoongozwa na Boehly, pamoja na Dick Clark Productions, zilizinunua tuzo za Golden Globe. Chama cha HFPA kikavunjwa, na shughuli zake za kuwafadhili wanafunzi na mashirika ya filamu zikakabidhiwa wakfu.

Kundi la wapigakura nalo likapanuliwa. Kufikia hafla ya Januari 2024, ambayo ilipeperushwa na CBS, walikuwa wanahabari 300 hivi kutoka mataifa zaidi ya 70. Sasa mwanahabari halazimiki kuishi Los Angeles ndipo apige kura. Idadi ya wanaoteuliwa katika vitengo vingi nayo iliongezwa kutoka watano hadi sita.

Watazamaji walirudi, japo si wote. Hafla ya 2020 ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 18 nchini Marekani. Ile ya 2021, iliyofanyika wakati wa janga la korona, ilitazamwa na wasiofika milioni 7. Mnamo 2024 idadi ilipanda hadi zaidi ya milioni 9, nusu tu ya ilivyokuwa awali.

Hata hivyo, mageuzi hayo hayakumaliza maswali yote. Dick Clark Productions inamilikiwa kwa ubia na kampuni ya Penske Media, ambayo ina usemi pia katika majarida ya Variety, Deadline na The Hollywood Reporter. Hayo ndiyo majarida makuu yanayoandika habari za Hollywood, na ndiyo hupokea matangazo ya kampuni zinazofanyia filamu zao kampeni.

Kwa maneno mengine, mwenye kuandaa karamu ndiye pia mshirika wa wanaosimulia jinsi karamu ilivyokuwa. Pengine hapana ubaya wowote unaotendeka, lakini hilo ni jambo ambalo wafuatiliaji hawataacha kulitazama kwa makini.

Lugha yafunguliwa mlango

Kuna badiliko moja ambalo halikuvuma sana, lakini lina umuhimu mkubwa kwa watu wa Afrika Mashariki. Nalo ni la lugha.

Kwa muda mrefu, kanuni za Golden Globe zilisema kwamba filamu ambayo mazungumzo yake mengi si ya Kiingereza haiwezi kuwania tuzo ya filamu bora. Ilipangiwa kitengo chake cha lugha za kigeni, na ikakomea hapo.

Kanuni hiyo ilizua kero mnamo 2021 kupitia filamu ya Minari. Ni hadithi ya familia yenye asili ya Korea inayojaribu kuanzisha shamba huko Arkansas. Ilitengenezwa Marekani na mwelekezi aliyezaliwa Marekani, lakini kwa kuwa wahusika wake huzungumza Kikorea nyumbani, ilihesabiwa kuwa filamu ya kigeni.

Mwaka huo huo kanuni ilibadilishwa. Filamu yoyote, iwe ya Kihispania, Kikorea au Kiswahili, sasa inaweza kuwania tuzo kuu huku ikiendelea kuwania ile ya filamu zisizo za Kiingereza. Mnamo Januari 2025, Emilia Pérez, ambayo sehemu kubwa ni ya Kihispania, ilishinda zote mbili. Katika vitengo vya runinga, Shōgun, ambayo mazungumzo yake mengi ni ya Kijapani, ilitwaa tuzo nne usiku huo huo.

Jambo jingine ni kwamba filamu isiyo ya Kiingereza haihitaji kuteuliwa na nchi yake. Katika Oscar, kila nchi huwasilisha filamu moja tu. Kenya ilifanya hivyo kwa mara ya kwanza mnamo 2012, ilipopeleka Nairobi Half Life ya mwelekezi Tosh Gitonga, yenye Kiswahili na Sheng tele. Katika Golden Globe, watengenezaji wenyewe ndio huwasilisha kazi yao.

Hii haina maana kwamba njia ni rahisi. Filamu haiwezi kupigiwa kura na mtu asiyeitazama, na kuwafikia wapigakura waliotawanyika duniani kote kunahitaji fedha za matangazo ambazo watengenezaji wengi wa huku hawana. Lakini mlango uliokuwa umefungwa kwa kufuli ya lugha sasa uko wazi. Aliye na hadithi nzuri hana tena haja ya kuitafsiri ndipo isikizwe.

Funzo kwa tuzo za nyumbani

Kenya nayo ina hafla yake ya filamu na runinga. Tuzo za Kalasha, zinazoandaliwa na Tume ya Filamu ya Kenya, zilianza mnamo 2009, na kwa wasanii wengi wa humu nchini ndizo za kwanza kuwatambua.

Katika tuzo kama hizo, huwepo mvutano baina ya njia mbili za kumpata mshindi. Ya kwanza ni majaji, ambao wana ujuzi lakini ni wachache, na wachache hushawishika kwa urahisi. Ya pili ni kura za mashabiki, ambao ni wengi, lakini huenda wakampigia kura msanii mwenye wafuasi chungu nzima mtandaoni badala ya mwenye kazi bora.

Kisa cha Golden Globe kinaonyesha kwamba hakuna njia isiyo na kasoro. Kinachoweza kufanywa ni kuiweka kasoro mahali inapoonekana. Waandalizi wakitangaza mapema majaji ni akina nani, wamechaguliwaje, wamekatazwa nini na kura zinahesabiwa na nani, atakayeshindwa anaweza kununa lakini hatakuwa na sababu ya kudai ameibiwa.

Suala hilo si la heshima pekee. Kwa msanii wa Hollywood, tuzo huongeza donge ambalo tayari ni nono. Kwa mwigizaji chipukizi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu, anayelipwa kwa siku na asiyejua siku nyingine itakuja lini, tuzo inaweza kuwa barua yake ya kubishia mlango wa mtengenezaji au wa kituo cha runinga. Barua hiyo hufaa tu iwapo anayeisoma anamwamini aliyeitia muhuri.

HFPA ilianzishwa na waandishi waliokuwa wamefungiwa milango, wakaungana ili wafunguliwe. Walipoingia ndani, wakaufunga mlango nyuma yao. Iliwachukua wengine karibu miaka 80 kuufungua tena, na gharama yake ikawa kuvunjwa kwa chama chenyewe.

Basi, usiku wa hafla utakapowadia tena mwezi wa Januari, na bahasha zikaanza kufunguliwa, msikilize mshindi anavyowashukuru mama yake, mwelekezi wake na Mungu wake. Kisha uliza ni nani aliyeandika jina lililomo ndani ya bahasha.